Kiitaliano na Mama Mkwe

Mpango wa kufundisha lugha nyingi za kigeni chuoni kwetu niliuandika mimi, na niliuandika kwa Kiingereza kitupu. Hakuna aliyeona kioja hapo, na mimi ndiye wa kwanza ambaye sikukiona. Chuo chetu ni tawi dogo pale Kilifi, madarasa machache yaliyoezekwa mabati, nami nafundisha Kifaransa. Mkuu wa kitivo, mama mmoja mpole wa maneno na mgumu wa maamuzi, aliniita ofisini akaniambia kila tawi limetakiwa lieleze litafundishaje lugha za kigeni zaidi ya moja. Akanipa kazi hiyo. Angenituma sukari ningesahau, lakini mtu akinitajia neno "mpango" mimi hupandwa na mashetani.

Nikapanga lugha tano. Kifaransa kwa sababu ni changu. Kiarabu kwa ajili ya dini na biashara. Kichina kwa ajili ya wanaotujengea barabara. Kijerumani kwa ajili ya watalii Wajerumani, ambao kila ninayekutana naye hunisemesha Kiingereza. Na Kiitaliano kwa sababu Malindi haiko mbali, na Malindi hata mtu asiyeiona shule atakuuzia kinyago kwa Kiitaliano na chenji akurudishie kwa Kiitaliano. Vifaa vyetu vya kufundishia lugha zote hizo vilikuwa redio moja ya kaseti iliyovunjika mfuniko. Hilo sikuliandika.

Lakini lugha si hoja. Mimi raha yangu ilikuwa kanuni. Nikaandika kwamba ndani ya darasa la lugha ya kigeni Kiswahili ni marufuku, hata ukiumwa na nge. Nikaandika kwamba wanafunzi wakishagawanywa wawili wawili kwa mazoezi ya kuzungumza, hakuna kubadilishana mpaka muhula uishe, maana kubadilishana kunaleta uvivu. Nikaandika kwamba madarasa ya jioni yawe wazi kwa wananchi wote. Kisha nikaongeza kwamba kila mwalimu wa lugha lazima akae darasani kwa mwenzake kama mwanafunzi mgeni kabisa, ili akumbuke uchungu wa kuanza. Hii ya mwisho nilimtungia mwalimu wa Kijerumani, bwana mmoja ambaye tangu arudi kutoka Ulaya hasemi, anatangaza. Nilitamani kumwona akishindwa kuhesabu hadi kumi kwa Kiarabu.

Tatizo ni kwamba mpango wa maana lazima ujaribiwe kwanza, na mahali pekee ambapo mimi nina mamlaka, au nilidhani nina mamlaka, ni nyumbani kwangu.

Mke wangu ni muuguzi. Mimi ndiye ninayeitwa daktari mtaani, kwa ile shahada yangu, na majirani wakiniletea mtoto mwenye homa ni yeye anayetoka kumtazama huku mimi nimesimama kando nikipokea shukrani. Nikamtangazia kwamba kuanzia Jumatatu nyumba yetu itakuwa ya Kifaransa. Akacheka, akidhani ni mzaha. Ilipofika Jumatatu akasema jambo kwa Kiswahili, nami nikaweka mkono sikioni na kuinua nyusi, kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu. Sikusikia mpaka aseme kwa Kifaransa. Loo, zile nyusi zangu! Laiti ningezinyoa siku ile ile.

Mchana mmoja wa masika alikuwa ametoka zamu, amechoka hoi, amejilaza. Mimi nilikuwa mezani chumba hicho hicho, naandika sura ya kueleza umuhimu wa kumheshimu mwanafunzi. Mvua ikaja ya upepo, ikapiga dirishani moja kwa moja hadi kitandani.

"We bwana, funga dirisha!"

Nikaweka mkono sikioni.

"Mvua inaingia, jamani!"

Nikainua nyusi. Nilikuwa nangoja neno moja tu la Kifaransa, neno la dirisha, ambalo tulilisoma jana yake. Hakulisema. Alilala pale pale akinitazama, maji yanamchuruzika usoni, wala hakujifunika, mpaka mimi mwenyewe nikaona haya nikainuka. Godoro lilikuwa limeshakunywa likashiba.

Tukalianika ukutani. Jirani akapita, akataka kujua nani anayekojoa kitandani maana sisi mtoto bado hatujajaliwa. "Ni daktari," mke wangu akamjibu, bila kucheka. Mtaa ulicheka kwa niaba yake. Godoro halijakauka bado, alikuwa ameshafunga mkoba.

"Mimi niliolewa," aliniambia mlangoni. "Sikuandikishwa shule."

Akaenda kwa mama yake, kijiji cha Tezo.

Sasa hapa niseme ukweli: nilimtaka arudi. Nilimtaka siku ile ile, kabla hata vumbi la bodaboda halijatulia. Nyumba ilikuwa baridi, kitanda kilikuwa mbao tupu, na Kifaransa chote nilichobaki nacho hakikuwa na wa kuambiwa. Basi ningefunga mlango nimfuate, si ndiyo? Ni mwendo mfupi tu kwa pikipiki. Aa, wapi! Mimi nikakaa nikapanga.

Na mila ikanipa pa kujificha. Sisi kwetu Ganze mume aliyekimbiwa na mke hakurupuki mwenyewe kwenda ukweni, anatuma wazee. Nikawatuma ami zangu wawili, wasemaji wa kutajika, watu ambao wakitoa rambirambi hata maiti angetaka kuamka awasikilize. Baba mkwe alishafariki, kwa hiyo walipokewa na mdogo wake. Wakazungumza vizuri sana, wakachinjiwa kuku, wakarudi.

"Wamesemaje?" nikauliza.

"Wamesema wamesikia."

Kwetu, ukiambiwa "tumesikia", jua hujajibiwa. Nikawatuma tena. Wakala tena. Wakasikiwa tena.

Katikati ya majonzi hayo mkuu wa kitivo akaniita. Mpango wangu umepita, akasema, umesifiwa sana, hasa ile kanuni ya mwalimu kugeuka mwanafunzi. "Na kwa kuwa fikra ni yako," akaniambia kwa upole wake ule ule, "tuanze na wewe." Katika zile lugha tano ni Kiitaliano tu kilichopata mwalimu wa jioni, basi nikapelekwa huko. Mwalimu wa Kijerumani alikenua meno yote, na mengine sikujua kama anayo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, wala hawakusema kama humo kisimani utamkuta nani.

Mwalimu wetu alikuwa binti wa Kisumu Ndogo, Malindi, aliyezaliwa na wazazi waliotoka bara kutafuta kazi za hoteli. Kiitaliano alikijua kwa ufasaha, hajapata kutoka nje ya nchi. Kiswahili chake ni kile cha bara, cha kukata kona. Mila zetu sisi wa nyuma ya pwani hakuzijua, na angezijulia wapi? Jioni ya kwanza tulikaa vijana kadhaa na mimi mzee wao, nikiwa na kalamu tatu na kiburi kimoja. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe wangu.

Mungu wangu! Nilitaka kutoka kwa dirisha.

Labda kuna msomaji ambaye hajui. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake ni watu wa kukwepana. Si chuki, ni heshima iliyozidi kipimo. Akija upande huu wa njia wewe ingia majanini. Humpi mkono, huli akikuona, hukai naye kitako, na jina lake halipiti kinywani mwako. Miaka yote ya ndoa mimi nilimjua mama yule zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso. Naye, akiwa na jambo la kuniambia, alimwambia mke wangu, nami nasikia nikiwa nje ya mlango: "Mwambie mwenzio chai inapoa."

Kilichomleta nilikijua. Binti yake mkubwa ameolewa Italia, na wajukuu wanampigia simu ya picha wakimwonyesha paka wao na baiskeli zao, wakimwaga Kiitaliano, naye anabaki kutabasamu na kupunga mkono. Alikuwa amestaafu ualimu wa chekechea. Mtu aliyefundisha watoto maisha yake yote hawezi kuvumilia kutoelewana na mtoto. Na mlango wa darasa nani aliufungua kwa wananchi wote? Mimi.

Aliniona. Akasimama kidogo, akaivuta leso yake begani, kisha akakaa kiti cha mbali kuliko vyote. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, mimi Mkristo wa Ganze. Lakini ulipofika wakati wa kugawana wawili wawili, mwalimu akatazama vijana, akatutazama sisi wenye mvi, akanyoosha vidole viwili na kuviunganisha. Wazee kwa wazee, ndiyo hesabu yake.

Nikasimama. "Samahani mwalimu, kuna jambo..."

Akaweka mkono sikioni. Akainua nyusi.

Kwa Kiitaliano wakati huo nilijua kusema habari za jioni na asante. Nikasema habari za jioni. Nikakaa.

Darasa lilipokwisha nikamfuata nje, nikamweleza kwa Kiswahili chote nilichojaliwa kwamba yule ni mama wa mke wangu, na kwamba kwetu hilo ni jambo zito. Alinisikiliza kwa huruma ya kweli.

"Pole sana, daktari. Lakini si ni wewe uliandika hakuna kubadilisha mpaka muhula iishe? Nikikubadilishia wewe, hawa wengine nitawaambia nini?"

"Kanuni ina nafasi ya dharura."

"Wapi? Mimi nimeisoma yote. Umeandika hakuna dharura."

Ni kweli. Nilikuwa nimeandika hivyo, tena nikapigia mstari.

Basi tukabuni namna. Mama alivuta kiti chake kikatazama ubao, na mimi changu kikatazama ubao, katikati mkoba wake umekaa kama ukuta, na tukawa tunauambia ubao maneno tunayotaka kuambiana. Zoezi la kwanza lilikuwa kuulizana majina. Nikauambia ubao, "Come ti chiami?" Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Halafu nikasikia mama mkwe wangu akilitamka jina lake polepole, kwa sauti ya mtu anayefungua kabati la siku nyingi. Ilinibidi nilirudie, ndivyo zoezi lilivyotaka. Nikalirudia. Mbingu haikuanguka, ingawa niliitazama kwa dirisha kuhakikisha.

Majuma yakapita. Mama alikuwa mwanafunzi hodari kuliko mimi, na sisemi hivi kwa adabu. Mimi nilijua kueleza Kiitaliano, asili yake, ukoo wake na Kifaransa. Yeye alikisema. Tukafika somo la nyumbani, akasoma swali kitabuni: unaishi na nani?

Ningeweza kudanganya, lakini maneno ya kudanganyia sikuwa nayo. "Solo," nikauambia ubao. Peke yangu.

Akauliza jioni nakula nini. Mkate. Na asubuhi? Mkate. "Mamma mia," akasema mama mkwe wangu, na darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kisha nikainamia daftari, maana tangu mke wangu aondoke hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza nakula nini. Ami zangu waliuliza tu kuku wa ukweni walikuwa wa kienyeji au la, ilhali wao ndio waliowala.

Nami nikaanza kuona ajabu moja. Kwa Kiswahili mimi ni mtu wa "kimsingi" na "kwa mantiki hiyo". Ukiniuliza kama nimechelewa nitakueleza historia ya saa. Kwa Kiitaliano nilikuwa na maneno ya nyumba, chakula, jamaa na hali ya hewa, basi. Nikiulizwa, najibu. Nikimaliza kujibu, nanyamaza. Sikuwahi kuwa mtu wa namna hiyo, na sikujua kama yumo ndani yangu. Nilimwonea hata aibu, kwa jinsi alivyokuwa hana la kujitetea.

Kisha ikaja jioni ya somo la kueleza watu wa nyumbani wanafanya nini. Vijana walikuwa wanaambiana baba anasoma gazeti, dada anapika. Ilikuwa zamu ya mama kuuliza. Sikusikia swali. Nikasikia kitabu kinafungwa. Akauondoa ule mkoba katikati yetu, akauweka sakafuni, akageuza kiti na kunitazama usoni. Niseme nini? Macho yalikuwa ya mke wangu, yale yale yaliyonitazama kutoka kitandani.

"Mia figlia aspetta," akasema. "Tu non vieni."

Binti yangu anangoja. Wewe huji.

Nikafungua kinywa. Nilitaka kumwambia habari za wazee, kwamba nimetuma mara mbili, kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwamba heshima ndiyo iliyonizuia. Neno hata moja sikuwa nalo. Na hata ningekuwa nalo lingekuwa uongo, kwa sababu kilichonizuia kilikuwa woga. Kwa Kiswahili mama yule asingeweza kuniambia vile hadi kiyama. Angemwambia shemeji yake, shemeji yake angemwambia ami yangu, na ami yangu angeniletea methali. Machozi yakanitoka mbele ya vijana, daktari mzima.

"Quando?" nikauliza. Lini?

"Oggi." Leo.

Mwalimu alikuwa anapita nyuma yetu, akatusikia. "Bravissimi!" akasema, akatupigia makofi.

Darasa lilipoisha mama hakunitazama tena. Tulikuwa tumetoka nje, na nje ni nje. Alipanda bodaboda akatangulia, mimi nikasubiri kidogo nikapanda yangu, maana kupanda naye pamoja ni jambo ambalo hata Kiitaliano kisingelitetea. Njiani dereva wangu akaona ile pikipiki ya mbele inakwenda polepole, akataka kuipita. Nikamkamata mabega yote mawili. "Usimpite! Ni mkwe!" Alikuwa kijana wa Tezo. Akapunguza mwendo palepale, akaacha nafasi ya heshima, na tukaingia kijijini tumekula vumbi la mama mkwe kama inavyostahili.

Mke wangu alikuwa ukumbini anachambua kunde. Mama alipita moja kwa moja hadi jikoni akafunga mlango. Mimi njia nzima nilikuwa nimetunga hotuba yenye utangulizi, hoja tatu na hitimisho.

"Umetumwa na nani?" mke wangu akauliza.

Hotuba ikaniponyoka yote. "Nimekuja mwenyewe."

Akachambua kunde kidogo. "Mama anasema kwa Kiitaliano wewe ni mtu mwema sana. Hubishi, hufundishi, ukiulizwa unajibu."

"Namshukuru."

"Lakini mimi sikuolewa kwa Kiitaliano." Akaweka ungo chini. "Kaa hapo, niongee mimi."

Nikakaa. Akaongea. Alisema hospitali kila kitanda kinamwita, na akifika nyumbani anataka mahali pamoja tu ambapo akisema neno, linafika. Alisema angekuwa na mume kiziwi asingelalamika. "Lakini wewe siku ile ulinisikia," akasema. "Ulinisikia, ukaniacha ninyeshewe."

"Nilikusikia," nikasema. "Nisamehe."

Nilikuwa na mengi ya kuongeza. Yalipanda hadi kooni, nikayameza, na kumeza kule kulikuwa kazi ngumu kuliko shahada.

Akauinua tena ungo. "Leo sirudi," akasema. "Kesho uje tena. Usinitumie mtu."

Nikaenda kesho yake. Akanisimulia habari za wadi yake, nikasikiliza. Nikaenda na siku iliyofuata. Ami yangu mkubwa akapiga simu kutoka Ganze, akafoka: ninawaaibisha, nakwenda ukweni kila siku kama mchunga mbuzi, mwanamume gani asiyetumwa wala asiyetuma? Nikamwambia, "Ami, nimesikia." Nikaenda tena. Hakusema lini atarudi, wala sikumuuliza, ingawa kila nilipoondoka moyo ulibaki pale kibarazani.

Siku moja kukawa na kikao cha kuujadili mpango wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nasifiwa, kwa hiyo kikao kikawa kirefu. Mkuu wa kitivo alikuwa bado anazungumza nilipotazama nje nikaona jua limeshuka. Nikainuka katikati ya sifa zangu, sikuaga. Nilifika Tezo nimetweta, shati limetoka, nimetunga sababu njia nzima.

Mke wangu alikuwa amekaa kibarazani. Amevaa viatu. Mkoba uko miguuni, umefungwa.

"Umechelewa," akaniambia kwa hasira, akainuka.